UCHANGANUZI: Kabla ya kununua spika nyingine, je, ukutani una mchoro wa mtu wa hapa?

INGIA bedsita ya kijana aliyeanza kazi majuzi mjini Gilgil, awe mwalimu, muuzaji wa duka au fundi wa simu. Utakuta runinga, spika, kapeti, na labda zile taa za kubadilisha rangi. Ukutani kuna kalenda ya agroveti na picha ya maporomoko ya maji iliyochapishwa mbali, ile ile iliyo kwa jirani. Mchoro uliofanywa kwa mkono na mtu wa eneo hili? Ni nadra.

Ukiuliza, jibu ni lile lile: sanaa ni ya matajiri wa Muthaiga na Wazungu. Sisi tunatafuta kodi ya nyumba.

Jibu hilo linaeleweka, hasa mwisho wa mwezi. Lakini lina gharama ambayo hatuihesabu. Anayenunua ndiye anayeamua kipi kitabaki na kitabaki wapi. Tusiponunua sisi, uamuzi huo tunamwachia mtu mwingine.

Mfano hauko mbali. Panda matatu Gilgil kuelekea Nairobi, na mji mkubwa wa kwanza ni Naivasha. Huko ndiko alikojenga maisha yake Sane Wadu, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Kenya. Alikuwa mwalimu kabla ya kuacha chaki na kushika brashi. Watu walimwona kama aliyerukwa na akili. Yeye akajibu kwa kujiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu.

Miaka ya 1980 kazi zake zilianza kuonyeshwa katika jumba la Gallery Watatu jijini Nairobi. Enzi hizo wanunuzi wengi wa majumba kama hayo walikuwa wageni na watalii, na mtalii akirudi kwao, mchoro huondoka naye. Mwaka 2022, taasisi ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, iliandaa maonyesho ya kazi za Wadu za miongo kadhaa. Maonyesho ya aina hiyo huwezekana kwa sababu kuna watu waliozinunua kazi mapema na kuzitunza. Kama hakuna aliyetunza, hakuna cha kutundika.

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi alizaliwa katika Bonde hili hili la Ufa. Joseph Murumbi, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Mwaka 1966 aliacha siasa, na baadaye akashirikiana na Alan Donovan kuanzisha jumba la African Heritage jijini Nairobi. Alikusanya vitabu, vinyago, nguo, vito na michoro kutoka pembe zote za Afrika.

Nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali akitarajia iwe kituo cha utafiti, iliishia kubomolewa. Lakini sehemu kubwa ya mkusanyiko wake ipo hadi leo. Ukiwa Nairobi na rafiki akuambie "tupatane hapo Archives", jua kwamba ndani ya jengo hilo mnalolisimamia nje ndimo hazina ya Murumbi ilimo. Wengi wetu tumeligeuza steji tu.

Sasa tazama kizazi chetu. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, mabango, katuni na michoro ilijaa barabarani na mitandaoni. Mingi yake iko wapi leo? Picha ya simu hupotea na simu. Miaka 30 ijayo, mtoto akiuliza tulionaje mambo yale, tutamwonyesha nini?

Hapa ndipo galari ya karibu nawe, au karakana ya mchoraji wa mtaani, inapoingia. Si lazima uanze na turubai kubwa ya mafuta. Kuna michoro midogo ya penseli, na kuna chapa za mbao au lino ambazo msanii huchapa nakala chache kwa mkono na kuzipa namba. Ukiona 3/20, ni nakala ya tatu kati ya 20. Hizo huwa nafuu kuliko turubai. Wasanii na galari nyingi pia hukubali kulipwa kwa awamu. Uliza tu, hakuna aibu.

Usishangae kwamba bei ya galari iko juu. Mara nyingi galari huchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya bei, kwa sababu inalipa kodi, inatangaza na inaandaa maonyesho. Kumpiga msanii bei hadi ya rangi na turubai tu ni kumwambia arudi kuchora mabango ya vibanda vya M-Pesa.

Kisha dai karatasi. Risiti na cheti vinavyotaja jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo na vifaa vilivyotumika. Hii si mbwembwe. Sheria ya Hakimiliki, baada ya marekebisho ya 2019, inampa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Bila rekodi ya mnunuzi wa kwanza, haki hiyo ni vigumu kuifuatilia. Na wewe pia kumbuka: umenunua mchoro, hujanunua hakimiliki. Huwezi kuuchapisha kwenye fulana ukauze bila ruhusa ya msanii.

Atakayekuambia mchoro ni njia ya haraka ya kupata doo, mkimbie. Kazi nyingi hazipandi bei kamwe. Nunua unachotaka kukiona kila asubuhi, kisha ukikinge dhidi ya jua kali, unyevu na vumbi, ambalo Gilgil tunalo la kutosha.

Mzigo huu si wa vijana peke yao. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, maktaba na makavazi. Nakuru ina ofisi, hospitali na kumbi zenye kuta tupu. Kununua kazi chache za wasanii wa kaunti kila mwaka, kwa orodha iliyo wazi kwa umma, si ndoto. Wanaogombea viti waulizwe.

Lakini wakati tukiwauliza, ukuta wa kwanza ni wako. Mshahara ujao, kabla ya spika ya pili, pitia kwa mchoraji wa karibu nawe uulize ana nini cha bei unayoimudu. Na usiondoke bila risiti.