Mama, usiuze shamba kwa ajili ya lori la Amerika kabla ya kuuliza

Wiki iliyopita mama mmoja mkimbizi wa ndani alinikuta na simu mkononi. "Mutoto wangu, wewe wa redio, nisomee hii." Ulikuwa ujumbe wa kijana wake aliye Marekani. Anaomba mama akubali kuuza shamba la marehemu baba yake kule Masisi, apate pesa ya kufungua kampuni yake ya lori. "Anasema namba ya DOT peke yake inakula pesa nyingi. Ni kweli?"

Si kweli, mama. Naandika hapa kwa sababu najua hauko peke yako unayeombwa hivyo.

Namba ya DOT inatolewa na FMCSA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa malori. Lori la biashara lenye uzito wa kupita kilo 4,500 hivi, likivuka kutoka jimbo moja kwenda lingine, lazima kampuni yake iwe nayo. Inatolewa bure. Kinacholipwa ni ruhusa ya kubeba mizigo ya watu wengine: dola 300, na hazirudishwi. Kila miaka 2 kampuni inatoa upya habari zake, na hiyo pia ni bure.

Hapo ndipo wajanja wanaingia. Ndugu yangu mmoja aliye huko alipojiandikisha, jina lake na anwani yake vilionekana kwa kila mtu. Barua zikaanza kumfikia, zenye alama kama za serikali: lipa dola mia kadhaa, la sivyo lori litasimamishwa. Akaogopa, akalipa. Kumbe ni watu binafsi, na kazi waliyomfanyia angeifanya mwenyewe bila malipo. Mwezi ule shangazi yangu, anayelala ndani ya hema na wajukuu wanne, hakupata hata dola moja.

Mzigo wa kweli ni bima. Kwa mizigo ya kawaida, sheria inadai bima inayoweza kulipa angalau dola 750,000 ajali ikitokea. Kijana hatoi pesa hiyo yote mfukoni, lakini malipo ya bima kwa kampuni mpya ni maelfu ya dola kila mwaka, na bila bima ruhusa haitoki. Akishaipata, anachunguzwa miezi 18 ya kwanza. Na tangu Juni 25, 2025, shofere asiyeweza kujibu wakaguzi kwa Kiingereza anasimamishwa palepale barabarani.

Sisemi vijana wetu wasifungue kampuni. Wengine wamefaulu, na ndio wanaolipia watoto minerval huku. Ninachosema ni kwamba shamba likiuzwa wakati wa vita linaenda kwa bei ya kutupa, na likishaenda halirudi. Kwa hiyo, kabla ya kutia kidole kwenye karatasi, muulize mtoto maneno matatu. Bima umeambiwa bei gani, na karatasi ya bei hiyo iko wapi? Kuna mtu wa katikati anayekudai pesa ya namba? Lori likiharibika mwezi wa kwanza, utalitengeneza kwa pesa gani? Akikasirika kwa kuulizwa, ngojeni kwanza.

Na kama anasema kampuni tayari iko, muombe namba. Kule lazima jina na namba viandikwe pande zote mbili za lori, visomeke kutoka mita 15. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuitafuta namba hiyo bure kwenye tovuti ya FMCSA na kuona kama kampuni inaruhusiwa kufanya kazi. Hata kijana wa kuchaji simu hapo kambini anaweza kukusaidia.

Yule mama tuliandika naye maswali hayo usiku uleule. Anangoja jibu. Shamba bado ni lake.