Mastaa, acheni kusingizia Dubai kazi ya Gerezani!

Wadau, leo naongea bila kupepesa macho. Kuna staa wetu mmoja, jina kapuni, anatamba mtandaoni na Toyota Mark II GX100 iliyoshushwa mpaka inalamba lami, mabega yametanuliwa, rimu pana utadhani Mustang ya kwenye muvi. Akiulizwa kafanyia wapi, anajibu "Dubai." Dubai ipi kaka? Yale madigadi yamekatwa na kuchomelewa Gerezani, Kariakoo!

Msichukulie poa kazi ile. Fundi anapima tairi lilivyotokeza nje, anakata digadi, anakunja bati kwa nyundo, anachomelea, anapaka puti, anapiga msasa, ndipo rangi. Kule Japani, Liberty Walk wamepata jina dunia nzima kwa kukata madigadi hivihivi. Wa kwetu anaambulia "tutaonana, fundi."

Halafu ubahili wenu ndio unaharibu kazi. Fundi anashauri springi fupi na shokapu zake. Bosi anataka springi zilezile zikatwe kwa grainda, bei chee. Gari ikianza kudundadunda na tairi kusaga digadi kila tuta, utasikia "mafundi wa Kariakoo waharibifu." Yaani ikipendeza ni Dubai, ikiharibika ni Gerezani!

Una wafuasi kibao, mwenzio ana familia inamsubiri. Kumtaja ni bure na kunamletea wateja. Mlipe, mtaje, uone kama ustaa utapungua.

Nyie mnasemaje, wadau?