Tuiachie Baiskeli Njia Yake



Dominika iliyopita gari la parokia liligoma kuwaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nilikuwa na Misa ya saa tatu katika kigango kimoja upande wa Dutumi. Katekista alinitazama, akaitazama baiskeli yake iliyoegemezwa kwenye mwembe, kisha akasema kwa upole, “Baba, kama hutajali.” Ilikuwa Phoenix nyeusi ya miaka mingi, yenye keria pana ya kubebea magunia. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa mwanafunzi wa seminari ndogo. Nikaifunga kanzu pamoja na vyombo vya Misa nyuma, nikaondoka.

Safari ile ya kilomita kama 12 ndiyo chanzo cha tafakari hii ya juma, nami naomba mniruhusu niizungumzie barabara badala ya jambo zito zaidi. Nadhani mwishoni mtakubaliana nami kwamba barabara nayo ni jambo zito.

Ninyi mkaao Kwala mwazijua njia zetu za changarawe. Moja yaelekea Dutumi, nyingine Magindu, na nyinginezo zaingia Kisarawe kuelekea Mafizi na Mzenga. Wakati wa kiangazi hukauka na kuwa ngumu kama sakafu iliyoshindiliwa. Saa moja asubuhi hupati gari. Bodaboda moja moja hupita, kisha kimya hurudi. Kwa saa nzima nilisikia mnyororo wa baiskeli, ndege, na sauti za ng’ombe wakishushwa kwenda kunywa maji. Nilikutana na watoto wawili juu ya baiskeli moja, na mama aliyefunga ndoo ya maandazi kwenye keria. Alikuwapo pia kijana mwenye magunia mawili ya mkaa, aliyekuwa akiisukuma baiskeli yake mlimani kwa bega. Wote walinisalimu, na kwa sababu sikuwa na kioo cha kufunga, wote niliwaitikia.

Kisha mzee mmoja akanisimamisha. Aliniambia kwamba mkewe hajainuka kitandani tangu Pasaka. Nyumba yao iko hatua zipatazo hamsini kutoka barabarani. Kwa miaka minne nimeipita nyumba hiyo kwa gari, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi, vumbi ambalo mimi mwenyewe nalitimua na kuwaachia wao. Katika mfano wa Msamaria mwema, wa kwanza kumpita yule aliyejeruhiwa ni kuhani. Mfano huo nimeuhubiri mara nyingi. Asubuhi ile, nikiwa nimeshika usukani wa baiskeli ya kuazima, nilijiuliza ni mara ngapi nimekuwa huyo kuhani, si kwa ukatili, bali kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nilichelewa Misa kwa dakika ishirini. Waamini walinisamehe, na yule mama alipakwa mafuta ya wagonjwa siku iyo hiyo.

Wakati wa kurudi nilipita barabara ya zege itokayo Vigwaza, kwani nilikuwa na mgonjwa mwingine wa kumtembelea. Hapo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Lori la kwanza lilipopita, upepo wake uliniyumbisha. Malori mawili yalipopishana mbele yangu, niliona heri nishuke na kusimama majanini. Nilishuka mara tano. Nilimkumbuka mkulima mmoja wa parokia yetu ambaye mwaka huu aliangukia mtaroni na mzigo wake wa mboga akilikwepa lori, akavunjika mfupa wa bega. Hata leo hawezi kulima. Nilipomtembelea wakati ule nilimwambia awe mwangalifu zaidi. Sasa naona haya kwa neno lile, maana mimi nami nilikuwa mwangalifu, na bado nilitetemeka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maendeleo yaliyotufikia ni mabaya. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala pamoja na safari za treni za mizigo za reli ya kisasa. Shabaha yake ni kupunguza msongamano katika bandari ya Dar es Salaam, ili makasha yaende kwa reli hadi huku na malori ya kwenda bara yayachukulie hapa. Kongani ya viwanda nayo inakua. Vijana wetu, waliokuwa wakikimbilia Kariakoo kuuza soksi, wanaanza kupata ajira karibu na nyumbani. Kwa hayo tunashukuru. Lakini lori lililoondolewa katika foleni ya Dar es Salaam halikuyeyuka hewani, limekuja kwetu. Mzigo ulioupunguzia mji umeongezwa kijijini, na wa kwanza kuusikia ni yule asiye na kitu cha kumkinga ila ngozi yake.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake ni kwamba barabara nyingi duniani zimejengwa kwa ajili ya mwenye gari, na asiye nalo hupita humo kama mgeni asiyealikwa.

Baiskeli yenyewe imekuwa rafiki wa mtu wa kawaida kwa muda mrefu. Mwaka 1817 Karl von Drais, Mjerumani wa Mannheim, aliendesha chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu kugusa ardhi. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, aliunda baiskeli yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo mama wa Phoenix ya katekista wetu. Miaka michache baadaye John Boyd Dunlop, huko Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baadaye lami na magari vikaenea, na baiskeli ikasukumwa pembeni.

Ajabu ni kwamba siku hizi wenye nafasi wanazitafuta njia za namna yetu. Ulaya na Marekani umezuka mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe, mbali na magari, kandokando ya mito na maji ya pwani. Hapa jirani, Kenya, mwaka 2021 yalianzishwa mashindano ya namna hiyo katika nchi ya Maasai Mara, na waendeshaji wa Afrika Mashariki wakashindana na wageni kutoka mbali. Watu hulipa nauli ya ndege ili wapate kile ambacho mama wa maandazi anakipata kila asubuhi bure, yaani njia tulivu isiyo na gari. Sisi tunacho, nasi tuko karibu kukipoteza bila hata kukitaja jina.

Tena tunacho kwa wingi. Mto Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru, ukipokea maji ya Mgeta na Ngerengere, ukapita katika bonde letu hadi kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, penye mikoko. Maji yake, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndiyo sehemu kubwa ya maji wanywayo watu wa Dar es Salaam. Kandokando ya bonde hilo zimo njia za miguu na za mifugo zilizokanyagwa na vizazi vingi. Sijidai kwamba zote zafaa: masika udongo mfinyanzi hushika gurudumu lisizunguke, na penye viboko na mamba hakuna mwenye busara atakayekaribia maji alfajiri. Lakini nyingi zafaa, na mahali pengi zahitaji karavati na changarawe kidogo tu.

Ndugu zangu, hoja yangu ni hii: wakati ardhi ya Kwala inapimwa na kugawanywa kwa ajili ya viwanda, maghala na maegesho ya malori, tuiachie baiskeli njia yake sasa, kabla kila kipande hakijawekewa nguzo. Njia ya baiskeli yenye upana wa mita mbili au tatu ni kitu kidogo sana ardhi ikiwa wazi. Ardhi ikishajengwa, njia hiyo hiyo itadai fidia, bomoabomoa na kesi.

Najua wengine watasema baiskeli ni ya maskini, na kwamba kila mtu akiendelea atanunua pikipiki. Wenye fikra hizo ningewaonyesha Uholanzi. Mwaka 1971 ajali za barabarani nchini humo ziliua watu zaidi ya 3,000, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani kudai mauaji hayo yakome. Mwishoni mwa mwaka 1973, mafuta yalipoadimika, serikali ikatangaza Dominika zisizo na magari, na watu wakaonja tena utulivu waliokuwa wameusahau. Baada ya hapo walianza kujenga njia za baiskeli, mji baada ya mji. Leo Uholanzi si nchi maskini, na watoto wake huenda shule kwa baiskeli.

Wengine watasema njia hizo zikijengwa zitavamiwa tu. Hilo ni kweli, nasi tumeliona Dar es Salaam, ambako njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na barabara ya mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, mara nyingi hukaliwa na bodaboda na meza za biashara. Basi tusidai zege peke yake. Tudai pia nguzo za kuzuia magari, na tukubali kuzilinda sisi wenyewe.

Tufanye nini? Kwanza, tuhudhurie mikutano mikuu ya vijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti pale, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mkutano huo una neno katika mpango wa matumizi ya ardhi. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba wengi wetu huenda tu pale panapotajwa mgawo wa chakula. Pili, maombi yetu tuyaandike na kuyapeleka kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017: wapi njia ipite, ni watoto wangapi wataitumia kwenda shule, wapi kunahitajika karavati. Tatu, sisi tulio na magari, na hapa najihesabu wa kwanza, tupunguze mwendo tumwonapo mwenye baiskeli. Vumbi tunalomwachia ni la mtu mwenye mapafu kama yetu.

Kwa upande wangu nimefanya uamuzi mdogo. Gari limepona, lakini vigango viwili vilivyo karibu nitavifikia kwa baiskeli kiangazi chote. Nimenunua yangu, iliyotumika, ili katekista asikose ya kwake. Wenye haraka na Misa wanivumilie. Nimegundua kwamba mchungaji apitaye polepole hukutana na kondoo ambao yule wa mwendo kasi hawaoni kamwe.

Mwisho, nawaomba mumkumbuke yule mkulima katika sala zenu, na anayeweza kumsaidia kupalilia shamba lake Jumamosi hii afike kanisani saa moja asubuhi. Waje na majembe, na wanaoweza waje kwa baiskeli. Tutakwenda kwa njia ya changarawe.

Nawatakieni Dominika njema na yenye baraka.

Ni mimi Padre wenu, Paroko.