MWELEZE MTOTO AELEWE

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii sote tunaijua, na tumeitumia katika insha hadi ikachakaa. Lakini wahenga hawakutuambia jambo moja: je, yule anayeulizwa naye afanye nini? Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapoteleza. Watoto wanauliza, tena wanauliza sana. Sisi tunaojiita wasomi ndio tusiojua kujibu. Ama tunawafukuza kwa kusema, "Ebu toka hapa, utafunzwa ukifika sekondari!" ama tunawamwagia maneno makubwa mpaka wanyamaze. Mtoto akinyamaza tunadhani ameelewa. Kumbe amechoka tu.

Msimamo wangu katika makala haya ni mmoja: jambo la sayansi au la historia usiloweza kumweleza mtoto wa miaka tisa kwa Kiswahili chepesi, bado hujalijua. Umelikariri.

Najua wapo watakaokunja uso. Kabla hawajanirukia, naomba niwape mifano. Mimi ni mkaazi wa Kawangware. Tukipanda matatu ya 46 kuja mjini na mdogo wangu wa Gredi ya Nne, maswali huanza kabla hata makanga hajadai nauli. Nitachukua manne tu kati ya hayo.

Swali la kwanza: "Mbona udongo wa kwetu ni mwekundu na wa kwa shangazi kule Embakasi ni mweusi?"

Jibu la kitabu lipo: udongo wa magharibi mwa Nairobi umetokana na mawe ya volkano na una oksidi za chuma. Ni kweli kabisa, ila kwa mtoto ni kelele. Sasa jaribu hivi. Muulize kama amewahi kuona msumari ulioachwa nje kwenye mvua. Atasema ulishika kutu. Kutu ina rangi gani? Nyekundunyekundu. Basi mwambie kwamba zamani za kale milima ya moto ilimwaga mawe yaliyoyeyuka na majivu upande wetu huu, na ndani ya mawe hayo mlikuwa na chuma kidogo kidogo. Mvua ikanyesha maelfu kwa maelfu ya miaka, mawe yakaoza yakawa udongo, na chuma kile kikashika kutu. Huo udongo unaochafua soksi zako za shule, mwanangu, una kutu ndani yake.

Na Embakasi? Kule ni tambarare, maji hayana pa kuteremkia, yanatuama. Udongo uliojaa maji haupati hewa ya kutosha, na bila hewa chuma hakishiki ile kutu nyekundu. Tena ni udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ndiyo maana mafundi huuchimba na kuuondoa kwanza kabla ya kuweka msingi wa nyumba. Ukimweleza hivyo, mtoto atakuwa na la kumhadithia shangazi.

Swali la pili liliulizwa kuhusu Makavazi ya Taifa, pale mlimani ukitoka mjini kuelekea Westlands. Humo mmehifadhiwa mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana. Kipande cha kwanza cha fuvu lake kilionwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu ambaye hakupitia chuo kikuu lakini macho yake yaliona yale ambayo maprofesa waliyapita. Mvulana huyo aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na alikufa akiwa bado mtoto. "Milioni moja na nusu ni ngapi?" aliuliza mdogo wangu.

Hapa wengi wetu tungeandika sufuri ubaoni tukadhani tumejibu. Mimi naona afadhali tutumie miguu. Tuseme kila mwaka ni hatua moja ya sentimita 60, na tunatembea kinyumenyume kuelekea zamani. Umri wote wa mji wa Nairobi tangu reli ilipofika mwaka 1899 hautimizi hatua 130, yaani kama mita 75 tu. Ukiendelea mpaka mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, umetembea mita mia tatu na kitu. Bado uko mjini! Lakini ukitaka kumfikia mvulana wa Turkana, itakubidi utembee mpaka Mombasa, ugeuke, urudi, na umkute ukiwa umekaribia tena Nairobi. Ni kilomita 900 hivi, kila hatua mwaka mzima. Mtoto aliyewahi kusafiri kwa basi hadi Mombasa ataishika hesabu hiyo, na hataisahau.

Swali la tatu ni la historia: "Kwa nini mji uliwekwa hapa?" Jibu lake linapendeza. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na ikafika Kisumu mwaka 1901. Mahali hapa Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Garimoshi la zamani lilikuwa kama mzee aliyebeba mzigo mzito: lilikunywa maji mengi, na mbele yake kulikuwa na mwinuko wa Kikuyu na Limuru, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Msafiri mwenye akili hupumzika kabla ya mlima. Hapa palikuwa tambarare na palikuwa na maji, basi wakatua, wakajenga karakana na nyumba za wafanyakazi, na soko likafuata.

Hata hivyo, maswali ya mtoto hayaishi hapo. Vitabu vya zamani vilizoea kusema kwamba Waingereza ndio waliojenga reli. Mtoto akisikia hivyo huuliza swali ambalo mtu mzima huona aibu kuliuliza: "Kwani Waingereza wenyewe ndio waliobeba vyuma mabegani?" Hapo utalazimika kusema ukweli wote. Waliobeba vyuma ni vibarua, wakiwemo takriban 32,000 walioletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Vivyo hivyo ukimwambia mtoto kuwa Ludwig Krapf "aligundua" Mlima Kenya mwaka 1849, atakuuliza, "Kwani watu wa huko walikuwa hawajauona?" Ebu mjibu!

Nimetaja hili kwa sababu wako wanaodai kwamba kurahisisha ni kudanganya. Mimi nasema mara nyingi mambo huwa kinyume. Maneno makubwa ndiyo maficho mazuri ya uongo, na pia ya ujinga. Neno jepesi huanika kila kitu juani. Bila shaka kuna urahisi wa uongo pia, kama kumwambia mtoto kwamba radi ni Mungu amekasirika ili mradi alale. Huo siutetei. Kipimo changu ni kwamba jibu la mtoto liwe fupi kuliko la profesa, lakini profesa akilisikia asiweze kusema ni la uongo.

Swali la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wakati wa mvua ya masika redio husema kwamba tutarajie milimita 50 za mvua katika saa 24. Idara ya Hali ya Hewa iko hapo Dagoretti Corner, si mbali na kwetu, na hutumia milimita kama wenzao duniani kote. Hawana kosa. Lakini mdogo wangu aliuliza, "Milimita si ni kitu kidogo sana? Kwa nini watu waogope?" Jamani, nilitazama huku na huku ndani ya chumba na sikumwona mtu mzima aliyekuwa na jibu!

Jibu ni hili. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja mraba. Sasa chukua paa la mabati la mita nne kwa tano, yaani mita mraba 20. Milimita 50 zikilinyeshea paa hilo, ni lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20, ile ile tunayojipangia foleni kwenye bomba. Mitungi 50 kutoka paa moja! Hesabu paa elfu moja za mtaa wetu, ni mitungi 50,000, na maji yote hayo yanatafuta njia ya kuteremka mtoni kwa wakati mmoja.

Na mto wenyewe je? Mto Nairobi unaanzia katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapitia Dagoretti na Kawangware, unakata jiji, unaungana na Mto Athi, na mwisho, ukiwa umebadilisha jina ukaitwa Galana na kisha Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chupa ya plastiki inayotupwa mtaroni kwetu ikipata maji ya kutosha inaweza kufika pwani bila nauli. Isipofika, imekwama mahali, na hapo ilipokwama imeziba njia ya ile mitungi 50,000. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua Wakenya zaidi ya 200, na katika jiji hili waliokaa kando ya mito ndio walioumia zaidi. Sisemi kwamba maelezo mepesi yangezuia mvua. Nasema kwamba mtu hakimbii hatari asiyoielewa, na "milimita 50" hazimkimbizi mtu. Mitungi 50 kutoka kila paa ingemfanya angalau ainue godoro na kuwatoa watoto mapema.

Wala hili si wazo langu peke yangu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akifundisha pale Chiromo mambo ya maungo ya wanyama. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wataalamu wa misitu waliitwa kuwafunza akina mama kupanda miti. Wakaja na masomo marefu ambayo mkulima wa kawaida hakuyahitaji. Yeye akawaambia akina mama watumie akili zao za shambani, kwani mkono unaojua kupanda maharagwe unaweza kupanda mti. Kufikia mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, harakati hiyo ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30. Waliokuwa na vyeti hawakuimaliza kazi hiyo. Ilimalizwa na watu walioelezwa wakaelewa.

Sasa nirudi kwetu, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na naomba msinikasirikie. Sisi nasi tuna ugonjwa huu. Tunapenda misamiati migumu kama watu wanavyopenda viatu vipya. Mwenzetu akisema "usanisinuru" tunapiga makofi. Lakini ukimuuliza ni nini, anakodoa macho. Kukariri usanisinuru hakuna tofauti na kukariri neno hilo hilo kwa Kiingereza. Mweleze mtoto kwamba jani ni jiko, mwanga wa jua ndio moto wake, maji na hewa ndivyo viungo, na sukari ndiyo chakula kinachopikwa. Akishaelewa, mpe neno usanisinuru alivae kama sare. Neno gumu lina kazi yake, lakini lifike baada ya maana.

Wengine watasema mtihani wa sayansi unaandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo huku ni kupoteza wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Jambo lililokwisha kukuingia kichwani kwa lugha unayotumia kugombana na kucheka, kulivika Kiingereza ni kazi ya jioni moja. Lakini jambo ulilolimeza kwa Kiingereza bila kulitafuna, utalitapika siku ya mtihani na hutabaki na kitu. Isitoshe, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mtoto kwa nini mto umefurika itakuwa rasmi kwenye karatasi tu.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kuanzia toleo lijalo gazeti letu litenge ukurasa wa maswali ya watoto, na kila jibu lisomwe mbele ya mtoto wa shule ya msingi kabla ya kuchapishwa. Asipoelewa, lirudishwe kwa mwandishi, hata kama mwandishi ni mwenyekiti. Pili, tuchague Ijumaa moja kila muhula twende katika shule ya msingi ya jirani, tusikilize maswali na kuyajibu, bila kusoma karatasi.

Mdogo wangu ameshaniandalia orodha. La kwanza ni kwa nini Nairobi ni baridi mwezi wa Julai ilhali tuko karibu na ikweta. Anayejiona tayari kulijibu aje, lakini kamusi aiache nyumbani.



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne