Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Wako watu wanaodhani kwamba kutengeneza chombo kilichoharibika ni kazi ya mikono tu, na kwamba kazi ya akili ilikwisha siku chombo kilipobuniwa. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Ili hoja isielee hewani, nitatumia mfano mmoja: kinanda cha umeme kiitwacho Minimoog, na hasa ile sehemu yake isiyosifiwa na mtu, yaani ugavi wa umeme.

Minimoog ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1970 na kampuni ya Robert Moog, mhandisi aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1965. Iliendelea kuundwa hadi mwaka 1981. Ala ya namna hii huitwa sinthesaiza. Haina nyuzi wala ngozi. Hutunga sauti kwa mitetemo ya umeme, na kimo cha sauti huamriwa na volteji. Volteji ikiongezeka kwa volti 1, sauti hupanda oktava moja, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde huwa maradufu. Oktava ina hatua 12 za nusutoni. Basi volti 1 ikigawanywa kwa 12, kila hatua hupata takribani volti 0.083. Kosa la kiasi hicho kidogo katika volteji ya kuamuru latosha kugeuza noti moja kuwa nyingine. Ugavi wa Minimoog hutoa volti 10 chanya na volti 10 hasi. Ukiyumba huo, muziki wote huyumba.

Tufuate basi njia ya umeme. Transfoma hupunguza volteji ya ukutani. Dayodi hugeuza mkondo geu uelekee upande mmoja. Kapasita kubwa hujaa volteji inapopanda, na hutoa akiba yake inaposhuka. Mwisho, kidhibiti hukata ziada ili volteji inayotoka isibadilike. Kapasita hizo ndizo huzeeka upesi, kwa sababu ndani yake mna majimaji ya elektroliti ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha ukaukaji huo.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapopata uhai. Kiasi cha kushuka kwa volteji ya kapasita hukadiriwa kwa kugawanya mkondo kwa zao la kapasitansi na idadi ya mara inazojazwa kwa sekunde. Tuseme mkondo ni ampea 0.5, kapasita ni mikrofaradi 2,200, nayo hujazwa mara 100 kwa sekunde. Volteji itashuka kwa volti 2.3 hivi. Kama kilele ni volti 16, bonde litakuwa volti 13.7; na kama kidhibiti chahitaji angalau volti 13 ili kitoe 10, kazi itaendelea vyema. Sasa kapasita ikauke hadi ibaki nusu ya uwezo wake. Volteji itashuka kwa volti 4.5, na bonde litafika 11.5. Kidhibiti, kisicho na kasoro yoyote, kitashindwa mara 100 kila sekunde, na kinanda kitavuma.

Fundi asiyepima atakilaumu kidhibiti, atakibadilisha, na mvumo utabaki palepale. Fundi anayepima atauliza kwanza: mvumo huu ni wa mitetemo mingapi? Mahali penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo wa mitetemo 100 huelekeza kwenye kapasita iliyochoka. Mvumo wa 50 huelekeza kwenye dayodi iliyokatika, au kwenye nyaya za kuunganishia nje ya kinanda. Kupima ni kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Najua hoja ya upande wa pili. Mafundi wengi wa ala za kale hung'oa kapasita zote za ugavi bila kupima hata moja, wakisema kwamba zimekwisha kuzeeka na bei yake ni ndogo. Hawakosi sababu, kapasita ya miaka 50 haistahili kuaminiwa. Lakini anayebadilisha kila kitu kwa mpigo hajui kilichoponya chombo, na kwa hiyo hatakuwa na la kumwambia mwanafunzi wake. Apime kwanza, aandike alichokiona, kisha abadilishe atakavyo.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowabana watengenezaji wa aina kadhaa za vyombo wavikarabati badala ya kuwaacha wanunuzi wavitupe. Ni hatua njema. Hata hivyo, sheria haiwezi kumpa mtu uwezo wa kufikiri juu ya kasoro. Uwezo huo hupandwa shuleni, na ndio ninaoukosa kwa wanafunzi wengi wanaofika chuo kikuu: wanaikumbuka fomula, lakini hawajapata kuitumia kumtafuta mkosaji.

Mwalimu hahitaji Minimoog. Betri haifai kwa jaribio hili, maana haina mkondo geu. Lakini transfoma ndogo iliyofunikwa, yenye kutoa volti 9 au 12, dayodi nne, kapasita mbili za ukubwa tofauti, rezista ya kuvuta mkondo na kipima-volti vyatosha. Wanafunzi wapime, wabadilishe kapasita, wapime tena, kisha mwalimu aondoe dayodi moja kwa siri na kuwataka waigundue bila kuitazama.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, chombo kilichoundiwa volti 120 za Marekani kisichomekwe kamwe kwenye volti 230 zetu. Pili, upande wa umeme wa ukutani usifunguliwe na mwanafunzi, na kapasita kubwa itolewe chaji kwa rezista kabla ya kuguswa, kwani huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini kapasita iliyokauka humsingizia kidhibiti kisicho na hatia, amejifunza sayansi. Basi mtihani wa fizikia nao umwulize hivyo: umpe chombo kinachovuma, umpe kipimo, umtake ataje sababu.