Dawa Isitangulie Kipimo
Tangu mwaka 2007, Josep Dalmau na wenzake walipobainisha mojawapo ya maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia ubongo wenyewe, matabibu wamepata ilimu adhimu. Walakini yahuzunisha mno mzee aliyeanza ghafla kuwasahau wanawe na kuweweseka, pengine pasi na homa, akadhaniwa ana maradhi hayo na kupewa dawa za kufifisha kinga peke yake, ilhali virusi vya herpesi vinamharibia ubongo. Virusi hivyo, visipotibiwa, huua takriban wagonjwa 7 katika kila 10. Basi asaiklovia, dawa ya virusi hivyo, ianzwe mara, maji ya uti wa mgongo yapimwe, na kipimo cha awali kisipoonyesha kitu, shaka ingalipo, kirudiwe baada ya siku 3 hadi 7. Jamaa nao wana haki ya kuuliza: “Daktari, maji ya mgongo yamepimwa?”