Mbwa wa Sifa na Mbwa wa Kazi

Na karani wa ofisi ya kilimo

Mkulima wa skimu anapotaka kununua ng'ombe huuliza maswali mengi. Huuliza ng'ombe huyu atoa maziwa kiasi gani, ala nini, amezaa mara ngapi, na kama atavumilia baridi ya Kinangop au joto la Shimba Hills. Huenda akazunguka wiki nzima, tena akamchukua jirani ajuaye ng'ombe wakamtazame pamoja. Lakini mkulima huyo huyo akitaka mbwa, huuliza neno moja tu: "Je, ni mkubwa, tena mkali?" Akijibiwa ndiyo, hutoa fedha. Na yule asiye na fedha huokota mtoto wa mbwa yeyote njiani, akisema kwamba mbwa ni mbwa.

Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili hazifai. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mtu atafutaye sababu ya kutolima. Lakini jembe halili, wala haliumi mtoto wa jirani. Mbwa hula kila siku kwa miaka 10 au zaidi, naye ana meno. Basi yafaa tumchague kwa akili ile ile tunayotumia kuchagua ng'ombe.

Tamaa ya mbwa mkubwa ilitoka wapi?

Skimu zetu nyingi za nyanda za juu zilikatwa katika mashamba makubwa yaliyokuwa ya Wazungu. Ule mpango mkubwa ulioitwa wa Eka Milioni ulianza mwaka 1962, na familia nyingi zikapata ardhi yao wenyewe. Lakini pamoja na ardhi tulirithi mawazo fulani. Katika mashamba yale ya zamani mbwa mkubwa mbele ya nyumba alikuwa alama ya mwenye mali, na mpaka leo wako watu wanaodhani kwamba shamba bila mbwa wa namna ile halijawa shamba.

Tufikiri kidogo. Mbwa yule alikuwa na mamia ya eka za kukimbia. Alikuwa na nyama, na mtumishi aliyelipwa kumwosha na kumtoa kupe. Leo shamba limegawanywa, mtu ana eka 5, na wengine wamekwisha kuwagawia wana wao. Shamba limegawanyika, lakini mbwa hagawanyiki. Tumbo lake ni lile lile, na miguu yake yataka kukimbia vile vile.

Kila mbwa na kazi yake

Mbwa wa mbegu za kigeni si wabaya. Kila mbegu ilitengenezwa na watu waliokuwa na kazi fulani mkononi, na ndiyo sababu yafaa tuijue kazi hiyo kabla ya kutoa fedha.

Mtazame German Shepherd, ambaye wengi wetu twamwita mbwa wa polisi. Mbegu yake ilianzwa Ujerumani mwaka 1899 na ofisa mmoja wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye akili na apendaye kazi kutwa nzima. Dume lake lina uzito wa kilo 30 mpaka 40. Mbwa huyu anapokuwa kwa polisi ana askari wake, na hufundishwa mara kwa mara. Ukimfunga mnyororo mwaka mzima bila kazi wala mafunzo, akili ile nzuri hugeuka kuwa uchokozi. Tena mbegu hii ina ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, hata mbwa akashindwa kuinuka vizuri kabla ya uzee wake.

Yuko pia Ridgeback, mwenye mstari wa nywele mgongoni zilizoelekea mbele. Asili yake ni kusini mwa Afrika, ambako mbwa wa Wakhoikhoi walichanganyika na mbwa wa Wazungu. Sifa za mbegu hii ziliandikwa mjini Bulawayo mwaka 1922. Kazi yake ilikuwa kumzuia simba asiondoke mpaka mwindaji afike. Katika skimu hatuna simba wa kuwinda. Tuna kuku, mbuzi wa jirani, na watoto waendao shule alfajiri.

Wa tatu ni Border Collie, aliyetoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Huyu ni fundi wa kondoo. Mtu mwenye kondoo mia na malisho mapana, naye ana subira ya kumfundisha, atafaidika sana. Lakini mwenye kondoo watano ataona mbwa akiwakimbiza mpaka wakonde, na akikosa kondoo ataanza kuchunga baiskeli.

Sasa tumtazame mbwa wetu wa kienyeji. Ana nywele fupi, uzito wake ni kilo 15 au 20 hivi, na sikio lake halilali. Kwa vizazi vingi ameishi na kupe wetu, jua letu na njaa zetu. Waliokuwa dhaifu walikufa na wenye nguvu wakazaa. Wengine humwita mbwa koko kwa dharau. Hapo ndipo nisipokubali. Ukoko si mbegu. Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe. Hata mbwa wa Ujerumani akiachwa kuzurura sokoni atakuwa koko, na mbwa wa kienyeji mwenye chakula, chanjo na mafunzo si koko tena.

Wenzetu wa kusini wametupa mfano. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika liitwalo Cheetah Conservation Fund limewapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, ili walinde mbuzi wasiliwe na duma. Mbwa hao wamesaidia sana. Lakini katika Botswana watu walijaribu mbwa wa kienyeji wa huko kwa kazi hiyo hiyo, nao wakaonekana kulinda mifugo vizuri kwa gharama ndogo. Siri yao ni malezi: mtoto wa mbwa huwekwa pamoja na mbuzi angali mdogo, hula na kulala karibu nao, mpaka awaone kuwa jamaa zake.

Maswali ya kujiuliza

Kwanza, wamtaka mbwa kwa kazi gani? Kama ni kulinda nyumba usiku, unahitaji sauti na sikio kuliko meno. Kama ni kulinda mbuzi, unahitaji mbwa mtulivu asiyefukuza wanyama. Kama ni kufukuza nyani na ngedere mahindini, unahitaji mwepesi wa mbio, na afadhali wawe wawili. Kama jibu lako ni kwamba majirani wakuone, basi nunua kofia nzuri. Ni rahisi zaidi, wala haili.

Pili, atakula nini? Mbwa wa kilo 35 hula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 15. Swali hili asijibu baba peke yake. Mara nyingi mama wa nyumba ndiye apikaye ugali wa mbwa, naye ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani kabla ya mavuno. Mbwa wa kienyeji ataridhika na ugali, omena kidogo, maziwa yaliyoganda na mabaki ya mezani. Mbwa mkubwa asiyeshiba hutoka usiku kujitafutia, na asubuhi mwana-kondoo wa jirani haonekani. Usimpe mbwa mahindi yenye ukungu, eti kwa kuwa ni mbwa tu. Sumu ya ukungu ule huua mbwa kama inavyoua watu.

Tatu, ni nani wako nyumbani na jirani? Penye watoto wadogo, mbwa mwenye hasira za haraka hana mahali, hata akiwa mzuri wa sura. Katika skimu nyua zetu zimekaribiana, na njia ya maji au ya shule hupita kando ya boma la mtu. Kwa ndugu zetu wa pwani, kama vile Mpeketoni, kuna neno jingine. Majirani wengi ni Waislamu, nao mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu hana budi kujitakasa kabla ya sala. Hawachukii mbwa wa kulinda mifugo na shamba. Wanachochukia ni mbwa wa mtu kuingia uani mwao na kulamba vyombo. Mbwa mtiifu akaaye kwake hulinda hata ujirani.

Nne, hali ya nchi ni ipi? Mbwa mwenye manyoya marefu hupata taabu penye joto, na kupe hujificha ndani yake usiwaone. Penye baridi kali, mbwa wa nywele fupi ataka kibanda kikavu chenye majani makavu chini. Kibanda hicho hakigharimu ila mbao chache na siku moja ya kazi.

Hoja ya wezi

Najua wako watakaosema: "Karani huyu halali kwetu. Wezi wa ng'ombe huja wengi, tena na panga. Mbwa mdogo atafanya nini?" Ni hoja ya haki, na mtu aliyeibiwa ng'ombe wa maziwa amepoteza karo ya watoto.

Lakini hata mbwa mkubwa hawezi kupigana na watu wanne wenye panga. Wezi hutupa kipande cha nyama chenye sumu, na mbwa mwenye njaa hukimeza bila kuuliza. Kazi ya mbwa ni kukuamsha wewe, na kelele yako iwaamshe majirani. Kwa kazi hiyo, mbwa wawili wa kienyeji walioshiba jioni, wanaolala karibu na zizi, na waliofundishwa wasile kitu cha mgeni, watafanya kazi kuliko jitu moja lililofungwa mnyororo nyuma ya jiko. Na pale ambapo wanyumba kumi wamepatana kuitikia mbwa wa mmoja wao akibweka, mwizi hapendi kupita.

Kabla ya kutoa fedha

Ukiisha kuamua, usinunue mtoto wa mbwa gizani. Nenda ukamwone mama yake. Mama akiwa mtulivu na mwenye afya, hiyo ni dalili njema. Mama akiwa mwoga au mwenye kuuma ovyo, rudi nyumbani na fedha zako. Usimchukue mtoto kabla ya wiki 8, kwa maana hajajifunza bado adabu ya mbwa kwa mama na ndugu zake. Mtazame macho, ngozi na mavi yake. Usidharau jike, hulinda vizuri kama dume, na daktari wa mifugo aweza kumfunga uzazi ili usipate watoto wa mbwa usiowahitaji. Jihadhari pia na wauzaji wanaouza chotara kwa bei ya mbegu safi. Chotara aweza kuwa mbwa mzuri sana, lakini mlipie bei ya chotara.

Chanjo ni sehemu ya bei

Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa hakichagui mbegu. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika nchi yetu mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, nao haujatuacha. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Ili mnyororo wa ugonjwa ukatike, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe.

Basi hesabu gharama ya chanjo kabla ya kuhesabu mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo siku za kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kwani mahali pengi huchanja bure. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Pia usimpe mbwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, kwani humo mna tegu ambaye hurudi kwa watu kwa njia ya mavi ya mbwa.

Mwenye uwezo wa kuchanja na kulisha mbwa mmoja, afuge mmoja. Mbwa mmoja wa kienyeji mwenye cheti cha chanjo ni mali. Mbwa watatu wa sifa wasiochanjwa ni deni, na siku ya kulilipa huenda mlipaji akawa mtoto wa jirani. Ndugu mkulima, ukienda kuchagua mbwa, nenda na maswali yale uliyokwenda nayo kuchagua ng'ombe, tena nenda na mama wa nyumba.